Umeanza dawa ya sonona na mwili unagoma: mwongozo wa wiki sita za kwanza

Usiku wa tatu tangu nianze fluoksetini, saa tisa na nusu, nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Miguu haitulii. Nikilala nainuka, nikiinuka nataka kutembea, nikitembea nachoka, na kusimama siwezi. Mkononi nimeshika kipakiti cha karatasi nilichopewa dirisha la dawa, kimeandikwa kwa peni ya bluu: 1×1. Hayo ndiyo yalikuwa maelezo yote. Hakuna aliyeniambia kwamba dawa hizi huja na karaha kwanza, nafuu ikafuata baadaye sana. Nilijua tu kwamba nilikwenda hospitali nikiwa mgonjwa na sasa nimekuwa mgonjwa zaidi.

Nilikaribia kuzitupa chooni. Sikuzitupa kwa sababu dada yangu aliamka, akaniona, na kulipopambazuka akampigia daktari. Mimi si daktari. Nimemeza dawa hizi miaka minne, na tangu hapo nimekaa na ndugu na majirani kadhaa walipokuwa wanaanza zao. Naandika kwa ajili yako uliyeamka saa hizi na kipakiti mkononi.

Kama sasa hivi una mawazo ya kujiua, ruka yote haya, mwamshe mtu mmoja nyumbani, umwambie kwa maneno yaleyale yaliyo kichwani. Kisha nendeni hospitali iliyo karibu. Mengine utayasoma baadaye.

Kinachotokea mwilini

Dawa nyingi za sonona za siku hizi zinafanya kazi kwenye serotonini, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupelekeana taarifa. Kemikali hiyo haikai kichwani tu. Karibu asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko kwenye utumbo. Ndiyo maana mtu anameza dawa ya huzuni, na cha kwanza kulalamika ni tumbo. Serotonini hubadilika ndani ya saa na siku chache, ila ubongo unahitaji wiki kadhaa kujipanga upya. Pengo hilo ndilo linalotutesa.

Kwa watu wengi kalenda huwa hivi. Maudhi huanza siku ya kwanza hadi ya nne, hupanda, kisha hupungua kufikia mwisho wa wiki ya pili. Kati ya wiki ya pili na ya nne usingizi na hamu ya kula huanza kurudi, mara nyingi wengine wanaona mabadiliko kabla yako mwenyewe. Moyo kupata wepesi huja wiki ya nne hadi ya sita. Kwa hiyo ukiwa siku ya tano ukasema "dawa hainisaidii, inanidhuru tu," unasema kweli kuhusu siku ya tano. Bado hujui lolote kuhusu siku ya thelathini.

Hatua ya 1: Jua jina la dawa yako

Usiridhike na "vidonge vya mawazo". Herufi kwenye boksi zinatofautiana kidogo na ninavyoandika hapa, lakini ukisoma kwa sauti utaitambua. Kwenye hospitali nyingi za serikali utapewa fluoksetini, kwa kawaida kapsuli ya miligramu 20, au amitriptilini, kidonge cha miligramu 25. Kwenye duka la dawa la binafsi utakuta pia setralini na esitalopramu.

Kujua jina ni muhimu kwa sababu maudhi yake si mamoja. Fluoksetini, setralini na esitalopramu huleta kichefuchefu, kuumwa kichwa, wasiwasi na usingizi wa mang'amung'amu. Setralini husumbua tumbo zaidi na inaweza kuharisha. Amitriptilini ni ya kizazi cha zamani: inalaza, inakausha mate, inafunga choo, inatia ukungu machoni na kizunguzungu ukisimama ghafla. Anayemeza zile tatu za kwanza huchangamshwa kupita kiasi, anayemeza amitriptilini hulazwa kupita kiasi. Ushauri wa jirani aliyemeza ile nyingine unaweza kukupoteza kabisa.

Hatua ya 2: Daftari la kurasa kumi

Kabla ya kidonge cha kwanza, au leo kama umeshaanza, andika hali yako ilivyokuwa: ulilala saa ngapi, ulikula nini, kichwa kiliumaje, moyo ulikwenda mbio mara ngapi. Sonona yenyewe inaleta uchovu, maumivu ya mwili na kukosa usingizi, na usipoandika utailaumu dawa kwa mambo uliyokuja nayo.

Kila siku mistari mitatu inatosha. Ukurasa wangu wa siku ya sita unasema: "Dawa saa 2 asubuhi na uji. Kichefuchefu 6 kati ya 10, saa 4 mpaka saa 6. Nimelala kwa muda wa saa 4, ndoto nyingi. Miguu: afadhali." Siku ya kumi na moja kichefuchefu ni 2. Kichwani nilikuwa naapa kwamba hakuna kilichobadilika.

Hatua ya 3: Maudhi ya kuvumilia, na namna ya kuyapunguza

Kichefuchefu ndicho kinachowashinda wengi. Usimeze dawa tumbo likiwa tupu. Kula kwanza kitu kikavu au laini: uji, kiazi kitamu cha kuchemsha, kipande cha mkate. Asubuhi za wiki hizi acha chapati na vitumbua vyenye mafuta. Kula kidogo mara nyingi, chai ya tangawizi pembeni. Ukitapika baada ya kumeza, usimeze dozi nyingine kufidia, subiri ya kesho. Ukitapika kila siku, hilo si la kuvumilia tena, piga simu.

Usingizi. Kama unameza fluoksetini usiku na hulali, muulize daktari kuihamishia asubuhi. Kwa wengi hilo peke yake linamaliza tatizo. Amitriptilini ni kinyume: huliwa usiku, saa moja au mbili kabla ya kulala, na ukiamka umelewa usingizi, imeze mapema kidogo jioni. Kahawa, chai ya rangi kali na vinywaji vya kuongeza nguvu mwisho saa sita mchana. Na tafadhali, usinunue dayazepamu kwenye duka la dawa kwa sababu rafiki kasema. Daktari anaweza kukupa dawa ya kutuliza kwa siku chache za mwanzo, lakini hiyo ahesabu yeye.

Mate kukauka: kunywa maji kidogo kidogo, tafuna bigijii isiyo na sukari, piga mswaki kwa bidii kwa sababu mdomo mkavu huozesha meno. Choo kigumu: papai, mboga za majani, maharage, maji ya ukwaju, na kutembea. Kizunguzungu cha amitriptilini: ukiamka kaa kwanza kitandani, hesabu mpaka ishirini, ndipo usimame. Wazee huvunjika nyonga kwenye safari ya chooni ya usiku, kwa hiyo acheni taa ya korido ikiwaka. Na kama unaendesha bodaboda, daladala au mashine yoyote, usiiguse mpaka ujue dawa inakufanyaje.

Kuumwa kichwa, paracetamol inatosha. Kijasho na miayo isiyoisha vinashangaza lakini havina neno.

Kuna jambo ambalo kwetu halisemwi, na kwa kutosemwa watu wanaacha dawa kimyakimya: tendo la ndoa. Fluoksetini na ndugu zake zinaweza kupunguza hamu, kuchelewesha kufika kileleni au kukuzuia usifike kabisa, kwa wanaume na wanawake. Tofauti na kichefuchefu, hili mara nyingi haliondoki lenyewe. Mwanaume anaona ndoa inayumba, anatupa vidonge, anaongeza dawa za nguvu za mtaani, na mke anadhani kuna mwanamke mwingine. Mwambie mwenzako kwamba ni dawa. Mwambie daktari sentensi moja tu: "Dawa imeniathiri kwenye tendo la ndoa." Ameisikia mara nyingi, na kuna la kufanya: kupunguza dozi au kubadilisha dawa.

Hatua ya 4: Usichanganye kabla ya kuuliza

Hapa ndipo maudhi madogo yanapogeuka hatari, na hapa ndipo mazingira yetu yana mambo yake.

Malaria kwanza. Kichwa kuuma, kichefuchefu, jasho na mwili kuchoka vinafanana mno na wiki ya kwanza ya dawa. Tofauti ni homa. Dawa ya sonona kwa kawaida haikupandishii joto. Ukipima ukakuta nyuzi 38 au zaidi, nenda ukapime malaria, usikae nyumbani ukisema "ni dawa tu". Na ukikutwa nayo, mwambie mhudumu unameza nini kabla hajakupa dawa mseto au kwinini. Dawa hizo zinaweza kugusa mapigo ya moyo, na zikikutana na amitriptilini au esitalopramu mhudumu anatakiwa kujua.

Maumivu. Tramadoli ikikutana na dawa hizi inaweza kuzidisha serotonini mpaka ikawa sumu. Vilevile baadhi ya dawa za kikohozi zenye dekstromethofani, na linezolidi inayotumika kwa kifua kikuu sugu. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini pamoja na fluoksetini au setralini huongeza uwezekano wa kutoka damu tumboni. Choo kikiwa cheusi kama lami, hospitali.

Kama unatumia dawa za kufubaza VVU, sema, hata kama unazichukua kituo kingine. Ritonaviri inaweza kupandisha kiwango cha dawa ya sonona mwilini, efavirenzi yenyewe inaleta ndoto mbaya na huzuni, na dolutegraviri humkosesha mtu usingizi. Daktari asiyejua ataongeza au kupunguza dawa isiyohusika.

Mirungi inachochea moyo kwenda mbio na kufukuza usingizi, yaani inazidisha kile kile unacholalamikia. Pombe inazidisha usingizi wa amitriptilini na inarudisha huzuni. Dawa za miti shamba, taja unazotumia bila aibu, daktari hawezi kukadiria asichokijua.

Mwezi wa Ramadhani, fluoksetini inaweza kuliwa kwenye daku na amitriptilini baada ya futari, kwa kuwa nyingi ya dawa hizi ni mara moja kwa siku. Lakini kuanza dawa mpya katikati ya mfungo, mdomo mkavu na choo kigumu vikiwepo, ni kujiongezea mzigo. Ongea na daktari, na ongea na shehe wako. Mgonjwa ana ruhusa yake.

Hatua ya 5: Ya kupiga simu siku hiyohiyo

Usisubiri tarehe ya kliniki kwa haya.

Kushindwa kutulia kama kule kwangu kwenye ngazi. Si wasiwasi wa kawaida. Ni msukumo wa ndani unaokulazimisha kusogea, na mtu aliyekaa nao siku nyingi bila kulala anaweza kufikia hatua ya kutaka chochote kitakachoukomesha. Ndiyo maana siuweki kwenye fungu la kuvumilia. Kwangu daktari alisema nimeze kapsuli siku moja, siku ya pili nipumzike, kwa siku kumi. Fluoksetini inaruhusu hilo kwa sababu inakaa mwilini siku nyingi. Dawa nyingine haziruhusu, kwa hiyo usiige. Siku ya nne ya mpango huo nililala saa sita mfululizo.

Mawazo ya kujidhuru yaliyoanza au kuongezeka. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liwekwe kwenye dawa zote za sonona kwa ajili ya watoto na vijana, na mwaka 2007 onyo likapanuliwa kufika miaka 24. Haina maana kwamba kijana asipewe dawa. Maana yake ni kwamba wiki za kwanza, na kila dozi inapobadilishwa, asiachwe peke yake na azungumzwe naye kila siku. Hata kwa mtu mzima kuna kipindi mwili unapata nguvu kabla moyo haujapata tumaini. Na mawazo si kosa la jinai. Usiogope kuyataja kwa mhudumu wa afya.

Furaha iliyopitiliza. Hulali na huchoki, maneno yanakimbia, unagawa pesa, una mipango mikubwa kumi kwa siku. Ndugu watashangilia kwamba umepona. Inaweza kuwa ni ugonjwa wa hisia mseto (bipolar, wa moyo kupanda sana na kushuka sana) uliojificha nyuma ya sonona, na dawa hii peke yake inaweza kuuwasha zaidi.

Mengine: vipele mwili mzima, kushindwa kukojoa (hasa mzee mwenye tezi dume anayemeza amitriptilini), jicho kuuma na kuona duara za rangi kwenye taa. Kwa mzee anayetumia pia dawa za presha za kukojosha, kuchanganyikiwa na kuumwa kichwa kunakozidi kunaweza kuwa chumvi ya damu imeshuka, na kipimo cha damu kitaonyesha.

Hatua ya 6: Ya kukimbilia hospitali

Homa kali pamoja na kutetemeka, misuli kukakamaa, jasho jingi, kuharisha na kuchanganyikiwa: hizo ni dalili za serotonini kuzidi. Degedege. Kuzimia au moyo kudunda bila mpangilio. Uso na ulimi kuvimba, pumzi kubana. Mtu kumeza vidonge vingi kwa mara moja, hata kama anasema yuko salama, kwa sababu amitriptilini huweza kuathiri moyo saa kadhaa baadaye. Chukua kipakiti cha dawa mwende nacho. Kenya, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Namba ya dharura 112 inatumika Kenya na Tanzania. Kama una gari au jirani mwenye bajaji, usingoje.

Hatua ya 7: Mpe mtu mmoja kazi

Si ukoo mzima. Mmoja. Dada, mume, mama mdogo, rafiki wa msikitini au kanisani anayejua kunyamaza. Mpe kazi tatu zilizo wazi: akuulize kila jioni kwa wiki nne umelalaje, atunze dawa na kukupa za wiki moja moja, na akiona umebadilika kwa namna inayomtisha apige simu hata ukikataa. Hilo la kutunza dawa lichukueni kwa uzito, hasa amitriptilini. Hupungukiwi heshima. Dada yangu aliweka zangu kwenye kopo la ufuta juu ya kabati lake, na kila Jumamosi alinihesabia saba bila kusema neno.

Hatua ya 8: Namna ya kumwambia daktari

Foleni ni ndefu, dakika ni chache. Ukianza na "sijisikii vizuri" utaondoka na dozi ileile. Andika hivi usiku wa kuamkia kliniki: dawa na kiasi, tarehe uliyoanza, kero kubwa mbili tu na ukali wake kati ya 10, zinakuzuia kufanya nini, dawa nyingine zote unazotumia, na kama una mimba, unanyonyesha au unatarajia. Mwenye mimba asiache dawa mwenyewe. Sonona isiyotibiwa ina hatari zake kwa mama na mtoto, na daktari anaweza kuchagua inayofaa.

Muulize maswali mawili: je, hili litapita lenyewe, na lini? Lisipopita, tutafanya nini? Ana njia nyingi: kuanza na nusu ya dozi, kubadilisha saa ya kumeza, kupandisha polepole, kubadilisha dawa. Na kama kero ni kubwa au haijazoeleka, mwombe ajaze fomu ya taarifa za madhara ya dawa. Tanzania inakwenda TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, Kenya kwenye Bodi ya Famasia na Sumu, na wewe mwenyewe unaweza kutoa taarifa.

Hatua ya 9: Usikate ghafla

Ukiamua hutaki tena, hiyo ni haki yako, lakini shuka ngazi, usiruke dirishani. Kuacha ghafla setralini, esitalopramu na hasa venlafaksini (dawa nyingine ya sonona) kunaweza kuleta kizunguzungu, hasira, ndoto za kutisha na mishtuko kama ya umeme kichwani. Fluoksetini ni nafuu kidogo kwa sababu inatoka mwilini taratibu. Watu huchukulia hali hiyo kama ushahidi kwamba wamekuwa mateja wa dawa. Siyo. Mwili umenyang'anywa ghafla kitu ulichokizoea, na kupunguza kidogo kidogo kwa wiki kadhaa huepusha mengi.

Ukisahau dozi, meza ukikumbuka siku hiyohiyo. Kama imekaribia saa ya dozi inayofuata, iache, usimeze mbili. Nunua au chukua nyingine zikibaki za siku saba. Dawa hizi hukwisha stoo wakati wowote, na ukiambiwa "hakuna, rudi wiki ijayo," muulize mhudumu kituo gani kingine wanazo kabla hujatoka getini.

Ukifika wiki ya sita umemeza kila siku na hakuna hata kidogo kilichosogea, rudi, dozi au dawa ibadilishwe. Ukipata nafuu, usiache wiki hiyo uliyojisikia vizuri. Kwa kawaida daktari atakutaka uendelee miezi sita au zaidi baada ya kupona, kwa sababu sonona hupenda kurudi kwa aliyeacha mapema.

Wiki ya tano mimi nilikuwa nachambua mchele uani nikajikuta naimba. Dada alisimama mlangoni na ungo wake, hakusema kitu, akaingia ndani. Nikaenda kwenye daftari nikaandika saa.